MLANGO WA NCHI NA SIMU YA MGENI

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa mwambao wa Bagamoyo na visiwani, kuhusu marufuku za biashara ya simu za kigeni kwa sababu za usalama wa Taifa

Leo nazungumza nanyi hapa Bagamoyo. Sisi tuliotoka ng'ambo ya pili ya mkondo hatujihesabu kuwa wageni katika mji huu. Kutoka hapa hadi Unguja ni mwendo wa kilomita 40 hivi kwa bahari, na tangu enzi za mababu jahazi zimekuwa zikipeleka na kurejesha watu, nazi, samaki, nguo na habari. Ndiyo maana jambo lolote linalohusu kinachoingia na kinachotoka katika nchi hutugusa sote, wa pwani ya bara na wa visiwani.

Mada niliyopewa ni marufuku ambazo Serikali mbalimbali duniani zimekuwa zikiziweka dhidi ya watengenezaji wa simu wa nchi za nje, kwa maelezo kwamba simu hizo zinahatarisha usalama wa Taifa. Wengi wetu tumezisikia habari hizo redioni na magazetini tukadhani ni ugomvi wa mataifa makubwa usiotuhusu. Leo nitajaribu kueleza kwamba unatuhusu, na kwamba swali kubwa kwetu si simu imetoka nchi gani. Swali letu ni hili: Serikali inapofunga mlango, sababu yake ya kweli ni ipi, na je, mlango uliofungwa ndio ambao hatari inapitia?

SOMO LA FORODHA YA KALE

Ndugu wananchi, pwani hii inaijua vyema marufuku ya biashara. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba uliowakabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki utawala na ukusanyaji wa ushuru katika mwambao huu. Kampuni ilipoanza kazi mwezi Agosti mwaka huo, ghasia zilizuka Pangani na kuenea miji mingine, Bagamoyo ikiwa mojawapo. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano, na huko Saadani Bwana Heri akasimama upande huohuo.

Mwezi Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza zilianza kuufunga mwambao. Sababu mbili zilitangazwa: kuzuia watumwa wasitoke na kuzuia silaha zisiingie. Biashara ya utumwa ilikuwa uovu wa kweli, wala hakuna mtu mwema atakayejuta kwamba ilikomeshwa. Hata hivyo marufuku ya silaha ilikuwa na kazi nyingine ambayo haikutangazwa kwa sauti kubwa kama ile ya kwanza. Iliwanyima bunduki na baruti watu waliokuwa wakipigana na Kampuni. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na baada ya hapo mwambao ukawa koloni.

Sisemi haya ili kuchokoza majonzi ya zamani. Nayasema kwa kuwa yanatufundisha kwamba marufuku moja inaweza kubeba sababu mbili, moja ya mdomoni na nyingine ya moyoni. Anayekaa ufukweni, ambaye mashua yake ndiyo inayosimamishwa, anayo haki ya kuuliza habari za ile ya pili.

MABISHANO YA MATAIFA MAKUBWA

Sasa tuje kwenye simu. Mwezi Oktoba 2012 Kamati ya Bunge la Marekani inayoshughulikia mambo ya ujasusi ilitoa taarifa ikionya dhidi ya makampuni mawili ya China, Huawei na ZTE. Hoja yake ilikuwa kwamba mitambo ya makampuni hayo ingeweza kutumiwa na Serikali ya China kusikiliza mawasiliano ya watu au kuyavuruga. Makampuni yote mawili yalikanusha. Mwaka 2018 sheria ya Marekani ilikataza idara za Serikali ya nchi hiyo kununua vifaa vyao. Mwezi Mei 2019 Huawei iliingizwa katika orodha ya makampuni ambayo Mmarekani haruhusiwi kuyauzia bidhaa za teknolojia bila kibali. Mwezi Julai 2020 Uingereza nayo iliamua kwamba mitambo ya Huawei iondolewe katika mtandao wake wa kizazi cha tano ifikapo mwaka 2027.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni tu. Kifaa kinachobeba maneno ya Serikali kinaweza kuyabeba hadi kwa asiyehusika. Mwezi Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba taarifa kutoka makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililojengwa kwa msaada wa China, zilikuwa zikihamishwa usiku kupelekwa Shanghai. China ilikanusha, na viongozi wa Umoja nao walikanusha. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 2013 nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden zilifichua jinsi Marekani ilivyokuwa ikikusanya mawasiliano ya watu wa mataifa mengi, na mwaka huohuo Ujerumani ililalamika kwamba simu ya Kansela wake, Angela Merkel, ilikuwa ikisikilizwa na rafiki yake huyo. Kwa hiyo anayetaka kununua simu kwa mwenye mikono safi kabisa atatembea soko zima na kurudi mikono mitupu.

Aidha, sababu ya usalama haikukaa peke yake. Mwezi Aprili 2018 Marekani iliyakataza makampuni yake kuiuzia ZTE vipuri kwa muda wa miaka saba, kwa kosa la kukiuka vikwazo dhidi ya Iran na Korea ya Kaskazini. Kampuni hiyo karibu isimame kabisa, lakini mwezi Julai mwaka huohuo marufuku iliondolewa baada ya kukubali kulipa faini ya dola bilioni 1. Mwezi Mei 2019, siku chache tu baada ya Huawei kuwekewa vikwazo, Rais Donald Trump alisema kampuni hiyo ni ya hatari sana, kisha akasema huenda suala lake likaingizwa katika mapatano ya biashara na China. Mtu wa kawaida atashangaa: ikiwa kitu ni hatari kwa uhai wa Taifa, kinawezaje kuwekwa mezani pamoja na bei ya maharage ya soya?

Na wako waliosema sababu yao waziwazi. Mwezi Oktoba 2024 Indonesia ilizuia kuuzwa kwa simu za iPhone 16 kwa kuwa kampuni ya Apple haikutimiza sharti la kutumia kiasi cha asilimia 40 ya vitu au kazi za ndani ya nchi. Hawakutaja majasusi. Walitaka viwanda na ajira, wakasema hivyo, wakakaa kwenye mazungumzo, na mwaka uliofuata suala hilo likamalizika.

HALI YETU NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti, Tanzania haijapiga marufuku mtengenezaji wa simu kwa sababu ya nchi anakotoka. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ulijengwa kwa mkopo wa China na kwa mikono ya makampuni ya China. Simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu zimetengenezwa hukohuko. Hivyo ugomvi wa wakubwa ulitufikia kwa njia ya dukani. Mtu aliyenunua simu mpya ya Huawei iliyotoka baada ya mwaka 2019 alikuta haina programu za Google alizozizoea, na wala hakuwa na kesi na mtu yeyote. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Lakini sisi pia tumewahi kufunga mlango, kwa namna yetu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliagiza kuwekwa rajisi kuu ya namba tambulishi za vifaa vya mawasiliano. Kila simu halali ina namba yake ya tarakimu 15, kama vile jahazi lilivyo na namba ya usajili. Rajisi hiyo ilianza kazi mwezi Desemba 2015, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zote ambazo namba zake zilikuwa bandia. Mamia ya maelfu ya simu zilinyamaza. Kenya ilikuwa imefanya vivyo hivyo mwishoni mwa Septemba 2012.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za haki. Simu yenye namba ya bandia haifuatiliki inapoibiwa au inapotumiwa na mhalifu. Hali kadhalika simu iliyotengenezwa bila kufuata viwango yaweza kumdhuru mwenye kuitumia. Pamoja na hayo, namkumbuka mama mmoja muuza samaki wa Mlingotini ambaye simu yake ilizimika usiku ule. Alikuwa ameinunua dukani, mchana kweupe, kwa fedha zake za halali. Asubuhi alishindwa kuwapata wateja wake, na samaki walimharibikia. Muuzaji alimwambia hana habari, na risiti mama huyo hakuwa nayo. Aliyeingiza simu ile nchini alikwisha kula faida yake, na hasara yote ilibaki katika kikapu cha samaki.

MLANGO WA UANI

Simu ile iliingiaje? Mimi nimefanya kazi ya forodha miaka mingi, na nitasema yale ambayo kila mvuvi wa hapa anayajua. Mbali na bandari iliyo rasmi, mwambao huu kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Kaole na Mlingotini hadi Saadani, una vijito, mikoko na fukwe ambako mashua hupwelea usiku. Ndizo ziitwazo bandari bubu. Zimeitwa bubu kwa sababu hazisemi kilichopita. Kilo moja ya sukari ya magendo ina faida ndogo. Sanduku moja la simu linabebeka kwa bega moja na thamani yake ni kubwa.

Jambo hili lina mizizi yake. Kwa muda mrefu ushuru na namna ya kukadiria thamani ya bidhaa zilitofautiana kati ya Unguja na Dar es Salaam, na wafanyabiashara wa visiwani walilalamika kwamba bidhaa waliyokwisha ilipia ushuru hudaiwa tena tofauti wanapofika bara. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyohesabiwa kuwa kero za Muungano. Pale mtu anapoona njia halali ina malipo mara mbili, njia ya mikoko humvutia. Hilo halihalalishi magendo, lakini linaeleza kwa nini doria peke yake haikutosha.

Na hatari yenyewe hupenda njia ya namna hiyo. Mwaka 2020 wachunguzi walieleza kwamba simu za bei nafuu za aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu za siri ndani yake zilizokuwa zikiwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia na kuwamaliza salio bila wao kujua. Kampuni iliyozitengeneza, Transsion ya China, ilisema programu hizo ziliingizwa na mtu wa kati katika safari ya kuzitengeneza na kuzifikisha sokoni. Basi tazameni: marufuku inayotazama jina la mtengenezaji peke yake isingemwona mtu huyo wa kati. Kikulacho ki nguoni mwako.

SABABU IITWE KWA JINA LAKE

Ndugu zangu, katika kutafakari haya nimeona kwamba marufuku za simu huwa na sababu za aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni usalama. Dawa yake ni ukaguzi: wataalamu wetu wenyewe wakifungue kifaa, wakipime, na kisemwe kilichoonekana, isipokuwa pale ambapo kusema kwenyewe kungeleta hatari.

Ya pili ni kodi. Dawa yake ni ushuru unaolingana pande zote na forodha iliyo wazi. Kenya ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kwamba kuanzia Januari 2025 namba tambulishi za simu zinazoingia nchini zitolewe kwa mamlaka ya mapato. Suala lilifika mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikalitengua agizo hilo. Hapo tunajifunza kwamba hata ukusanyaji wa kodi una mipaka pale unapogusa faragha ya mtu.

Ya tatu ni kulinda kazi za wananchi. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, na uwakala wa kutuma fedha kwa simu. Mtu anaweza kuiunga mkono amri hiyo au kuipinga, na majirani zetu wa Kenya walilalamika. Lakini sababu yake ilitajwa kuwa ni riziki ya mwananchi, na kwa kuwa ilitajwa, inaweza kujadiliwa na kupimwa kwa matokeo yake.

Ubaya huja pale sababu ya pili au ya tatu inapovishwa kanzu ya ile ya kwanza. Neno usalama ni zito, na likitajwa watu hunyamaza. Likitumika kila siku kwa kila jambo, siku itakapokuja hatari ya kweli wananchi watadhani ni habari ya ushuru tu, na hawatatii. Kwa hiyo naamini kwamba kuliweka neno hilo mahali pake ni sehemu ya usalama wenyewe.

WAJIBU WETU

Kwa mantiki hiyo, naomba nitoe mapendekezo machache.

Kwa Serikali na vyombo vyake:

(a) Marufuku yoyote ya simu au kifaa itangazwe pamoja na sababu yake, muda wake, na njia ya kukata rufaa. Posta na simu ni jambo la Muungano. Basi tangazo liwafikie wa Chake Chake na wa Chalinze kwa siku moja na kwa maneno yaleyale.

(b) Anayezimiwa simu aliyoinunua kwa nia njema apewe njia ya kumfikia muuzaji, na muuzaji naye amfikie mwingizaji. Adhabu imwangukie aliyekula faida kwanza.

(c) Bandari bubu zisikabiliwe kwa doria peke yake. Wavuvi na wenye vyombo wanaijua bahari kuliko sisi; washirikishwe kama walinzi, wala wasitazamwe siku zote kama watuhumiwa.

Kwa mtumishi wa Serikali:

Tusisubiri marufuku ya nchi nzima ili kulinda siri za ofisi zetu. Mara ngapi tumeona barua yenye muhuri wa siri ikipigwa picha kwa simu ya mtu binafsi na kutumwa katika kundi la ofisi lenye watu 60, baadhi yao walishastaafu? Simu ile yaweza kuwa ya China, ya Korea au ya Marekani. Siri imetoka kwa kidole cha mwenyewe. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 haikuandikwa enzi za simu za mkononi, lakini wajibu wa kutunza nyaraka za Serikali haukubadilika kwa kuwa karatasi imekuwa picha.

Kwa mwananchi:

Kabla ya kulipa, piga *#06# katika simu unayoitaka, uione namba yake. Itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kama ilivyoelekezwa wakati wa zoezi la mwaka 2016, na ulinganishe majibu na simu iliyo mkononi mwako. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya simu. Usikubali kubadilishiwa namba tambulishi na fundi, kwani hilo ni kosa kisheria. Na ukiona simu inauzwa kwa bei ambayo hata muuzaji hawezi kuieleza, kumbuka wahenga waliposema rahisi ghali.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, jengo la forodha la zamani lingali linatazama bahari hapa Bagamoyo, na ngalawa bado zinapita mbele yake. Waliolijenga walitaka kujua kila kilichoingia katika nchi hii, lakini hawakuwa na haja ya kuwaeleza wenyeji kwa nini. Tofauti yetu na wao inapaswa kuwa hiyo. Serikali ya wananchi inapofunga mlango, na ifunge kwa nguvu pale inapobidi; lakini iwaambie walio ndani ni nani aliyezuiwa nje, kwa kosa gani, na kwa muda gani. Nasi tulio ndani tusimfungulie mlango wa uani usiku, kisha asubuhi tukalalamika kwamba nyumba haina ulinzi.

Yule mama wa Mlingotini alinunua simu nyingine baada ya miezi miwili. Safari hii alidai risiti, akaikunja, akaiweka ndani ya mkoba wa khanga pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwamba siku Serikali itakapobisha hodi tena, atakuwa na la kuonesha. Mimi naomba kwamba siku hiyo Serikali nayo iwe na la kumwonesha.